Mwenye Kudai Amejificha

Tumezoea kumwona mdaiwa akijificha. Anachungulia kwenye pazia, anawafundisha watoto kusema baba hayupo, anazunguka uchochoroni akienda dukani. Hayo hayamshangazi mtu. Lakini mwenye kudai ajifiche ili mdaiwa asije akamlipa, hilo Mkunga hakuwahi kulisikia katika miaka yake sabini na moja. Na sasa alikuwa analifanya yeye mwenyewe, ndani ya nyumba yake, ameketi kwenye kiti cha plastiki karibu na friji, viatu amevivua ili visisikike sakafuni.

Saa ya ukutani ilionyesha saa tisa na dakika kumi alasiri.

"Dakika hamsini tu, mama," mwanawe alimnong'oneza. "Vumilia dakika hamsini, halafu nitakuchemshia chai kwa mkono wangu."

Mwanawe huyo, mtoto wake wa pekee, watu walimwita Meneja kwa sababu aliwahi kusimamia ghala la matairi. Ghala lilifungwa miaka minne iliyopita, matairi yakaenda na wenyewe, jina likabaki. Alikuwa amesimama kati ya sebule na mlango wa mbele, shati limemganda mgongoni kwa jasho.

Mlango uligongwa tena, mara tatu, polepole.

"Mama Mkunga, hodi. Ni mimi, Fundi. Nimeleta kodi ya kiwanja."

Mkunga aliyatazama magoti yake.

Kiwanja chenyewe kilikuwa ng'ambo ya barabara. Ukisimama kwenye dirisha la sebule, huku juu ghorofa ya tatu, ulikiona chote. Marehemu mumewe alikinunua kikiwa jalala, akamkodishia Fundi ardhi tupu kwa miaka thelathini na mitatu. Ardhi ni ya mwenye ardhi, nyumba ni ya aliyejenga, na kila Januari kodi ya kiwanja inalipwa, basi. Fundi alijenga kwa kudunduliza. Mwaka huu matofali, mwaka ujao bati, mwaka mwingine hakuna kilichoongezeka isipokuwa deni la saruji. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa amesimamisha vyumba vinne kwa nyuma, na mbele karakana ya vitasa na funguo, juu ya mlango ametundika ufunguo mkubwa wa mbao uliopakwa rangi ya manjano. Mkunga ndiye aliyemzalisha mke wa Fundi mle ndani, chumba cha nyuma, dari bado halijawekwa, mvua ikipiga bati mpaka hawasikilizani.

Marehemu hakuwa mtu wa kuamini benki wala mtu wa kati. Katika mkataba alilazimisha kiandikwe kifungu chake mwenyewe: kodi italipwa mkononi mwa mwenye ardhi na si kwa mtu mwingine yeyote, na risiti itaandikwa papo hapo. Wakili alicheka lakini aliandika. Marehemu alipofariki, hati iligeuzwa jina, na mwenye ardhi akawa Mkunga.

Sasa tuseme ukweli: Fundi hakuwa malaika. Mwaka wa kwanza aliposhindwa kulipa, mkewe alikuwa mgonjwa, na Mkunga mwenyewe alimwambia amuuguze kwanza. Mwaka wa pili aliomba mwezi mmoja, na mwezi ukazaa mwezi. Mwaka wa tatu hakuomba kitu. Alianza kukimbia. Mkunga akivuka barabara na mwavuli wake mwekundu, Fundi anatokea mlango wa nyuma, chai ameiacha mezani inafuka moshi. Hata komeo la juu la mlango wa Mkunga lilipokatika, hakuja kulitengeneza, yeye aliyekuwa ameweka kila kitasa cha nyumba ile bila kudai malipo. Aibu ilimfanya mgeni. Ukunga ni kazi ya kusubiri, na Mkunga aliijua vizuri kazi yake, lakini hakuna mimba ya miaka mitatu. Subira ilimwisha.

Kwa hiyo Meneja alipomletea notisi ya wakili, aliisoma yote kwa miwani, mstari kwa mstari, kisha akatia saini. Asije mtu akasema kikongwe alidanganywa. Notisi ilisema mpangaji ana siku thelathini. Kama hajalipa ifikapo saa kumi alasiri ya siku ya thelathini, mkataba umekufa, na kilichojengwa juu ya ardhi kitabaki na ardhi. Mkunga alilielewa kila neno. Alitia saini kwa hasira, akiamini Fundi ataitetemekea ile karatasi na kuja mbio. Alitaka kumwona amesimama mbele yake, fedha mkono mmoja na aibu mkono mwingine. Zaidi ya hapo hakutaka kitu.

Na Fundi alikuja. Alichelewa, maana kuchelewa kulikuwa kumemkaa mwilini, lakini siku ya ishirini na sita alikuwa na fedha zote. Hapo ndipo Meneja, aliyepata habari kabla ya mama yake, aliposema, mama, twende tukamsalimie shangazi, siku nyingi hujamwona. Walikaa kwa shangazi siku tatu. Simu ya Mkunga ikawa na kasoro, Meneja akaichukua kuitengenezesha. Leo asubuhi Mkunga aligundua dawa zake za presha zimekwisha, akasema anarudi kwake hata kwa miguu, na Meneja hakuwa na la kufanya isipokuwa kumfuata. Ilikuwa ngazini, wakipanda, ndipo alipomwambia.

"Leo ni siku ya mwisho, mama. Akija, usipokee. Wakili amesema ukipokea hata sarafu moja kwa mkono wako, notisi imekufa na tunaanza upya. Kuna mtu anakitaka kile kiwanja kwa bei ambayo hujawahi kuisikia."

Mkunga alikuwa anahema kwa ngazi, akasema watazungumza ndani. Walipoingia ndani, Meneja alifunga mlango, na kabla hawajazungumza lolote, Fundi alibisha hodi.

"Najua mpo," Fundi alisema sasa, bila hasira. "Mkitoka huwa mnazungusha ufunguo mara mbili. Ulimi wa kitasa nauona hapa pembeni ya fremu. Umezungushwa mara moja, kwa hiyo mtu yumo ndani."

Meneja alikitazama kitasa kana kwamba kimemsengenya. Kisha alimgeukia mama yake, akakuta macho ya mama yametua kwenye ufunguo uliokuwa tunduni. Alinyoosha mkono, akauchomoa taratibu usilie, akautumbukiza mfukoni mwa suruali.

Mkunga aliona. Fundi alikuwa nje na mlango umefungwa. Ule ufunguo ulichomolewa kwa ajili yake yeye, mwenye nyumba.

"Asubuhi nilituma kwa simu," sauti ya nje iliendelea. "Zikarudishwa kabla sijaweka simu chini. Nikaenda kwa wakili. Akanionyesha kifungu cha marehemu: mkononi mwa mwenye ardhi. Nimekuja kwenye mkono, mama. Nipe mkono wako tu."

Kulisikika mkwaruzo chini ya mlango. Alikuwa anajaribu kupitisha bahasha. Lakini chini ya mlango kulikuwa na mpira, mnene, umebana sakafu sawasawa. Mkunga alilalamikia mende miaka sita iliyopita, na Fundi ndiye aliyeukata na kuupigilia.

"Mpira wangu mwenyewe," alisema Fundi, akacheka kidogo, kicheko cha mtu asiye na la kufanya. "Kazi nzuri nayo ina siku yake ya kukuumbua."

Saa tisa na dakika ishirini na tatu.

"Nimeuza mashine, mama," alisema baadaye, sauti imeshuka. "Ile ya kuchongea funguo."

"Muongo huyo," Meneja alinong'ona. "Asikuteke akili."

Mkunga aliinuka, akaenda dirishani kwa soksi, akasogeza pazia kwa kidole. Ng'ambo, dirisha la karakana lilikuwa wazi. Miaka yote kulikuwa na taa ndogo inawaka pale juu ya meza, na chini ya taa ile mashine ya kijani ambayo kelele zake zilimkera kila adhuhuri alipotaka kulala. Leo meza ilikuwa tupu. Fundi wa funguo asiye na mashine ya funguo ni sawa na mkunga asiye na mikono, na yeye alilijua hilo kuliko wakili yeyote.

Alirudi, akamsogelea mwanawe karibu, karibu kabisa, kama alivyokuwa akifanya zamani akitaka kunusa kama amevuta sigara.

"Kodi nimeidai miaka mitatu," alisema kwa sauti ya chini. "Imekuja. Unataka nikifiche wapi kinywa changu? Mwenye kukataa kulipwa anataka nini, kama si kuiba?"

"Mama, tafadhali."

"Hatuna shida ya njaa. Huyo mnunuzi akikosa hiki, atapata kingine. Kwa nini unatetemeka?"

Meneja alitazama saa. Alitazama mlango.

"Nimeshapokea, mama."

"Umepokea nini?"

"Malipo ya awali. Ya kiwanja."

"Nani alikuambia kiwanja ni chako?"

"Nilijua utakubali. Nilidhani ni suala la siku chache, notisi iishe, nikuletee karatasi utie saini, nikupe habari njema."

"Ziko wapi?"

Mkunga alisubiri. Katika kusubiri hakuna aliyemshinda.

"Zimekwisha," Meneja alisema. "Karo za watoto, kodi ya nyumba ya miezi minane, watu niliokopa. Zimekwisha zote. Mwisho wa mwezi asipopata kiwanja au fedha zake, anakwenda polisi. Nimeandikishiana naye kuwa nina idhini yako. Nitafungwa, mama."

Mkunga aliketi. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, wanasema watu, na wanausema upesi, hawajawahi kukaa na mzazi saa kumi na nane akiutafuta huo uchungu. Mtoto huyu alimpata akiwa na miaka ishirini na saba, baada ya mimba tatu kuharibika, na alimzaa peke yake kwa sababu usiku ule mkunga pekee wa mtaa alikuwa yeye. Sasa alikuwa na mvi masikioni na anatetemeka mbele yake. Mama gani atamfungulia mlango fundi wa vitasa ili mwanawe afungiwe mlango wa jela?

Basi alinyamaza. Dakika zilipita. Alijiambia kwamba ni Fundi aliyekimbia, si yeye. Kwamba notisi ilikuwa ya siku thelathini, angekuja mapema. Kwamba kila mtu hubeba mzigo wake. Kila alichojiambia kilikuwa kweli, na hakuna hata kimoja kilichomtuliza.

"Mama," Fundi alisema, "nilikukimbia. Nilikuwa nakuona unavuka na mwavuli, natoka nyuma, najificha kwenye choo cha jirani mpaka upite. Mtu mzima na ndevu zangu. Nilifanya vibaya. Niadhibu kwa lolote, nipandishie kodi, nitukane barabarani watu wasikie. Lakini ile nyumba ndiyo miaka yangu yote. Sina nyingine."

Kisha wakasikia viatu vyake vikigeuka kwenye saruji na kushuka ngazi, moja, mbili.

Mkunga alihisi ahueni. Mabega yalishuka, akavuta pumzi ndefu. Na ni ile ahueni iliyomtisha. Alijiona alivyo: ajuza wa miaka sabini na moja aliyevua viatu nyumbani kwake, anafurahi kwamba mtu aliyekuja kumlipa amekata tamaa. Aliona haya kiasi cha kutaka kuficha uso.

"Fundi!" aliita kwa nguvu. "Usiondoke!"

Viatu vilisimama.

"Mama!" Meneja aliruka.

"Nipe ufunguo."

"Sikupi. Umenisikia nilivyokuambia? Nitafungwa!"

"Nimekusikia. Kesho asubuhi nitavaa, tutakwenda mimi na wewe kwa huyo mtu. Nitamwambia kwa kinywa changu kwamba kiwanja hakiuzwi na kwamba mwanangu amekula fedha zake. Tutamlipa kwa kudunduliza. Nina pensheni, una mikono miwili."

"Atatucheka."

"Acha acheke. Kicheko hakijawahi kumfunga mtu. Nipe ufunguo."

Meneja alitikisa kichwa, mkono ameukandamiza mfukoni. Ilikuwa saa tisa na dakika thelathini na tisa. Mkunga hakuwa na nguvu ya kumnyang'anya mwanamume wa miaka arobaini na minne, na wote wawili walilijua hilo. Alimtazama, akautazama mlango. Komeo la juu lilikuwa limekatika, linaning'inia kwa skrubu moja, vile vile lilivyokuwa tangu Fundi aanze kumkimbia. Na chini ya komeo, kwenye kitasa, palikuwa na kitu ambacho hakikuwapo muda mfupi uliopita: kitundu cha mwanga kutoka ngazini, chembamba, cheupe.

Siku ile Fundi alipokiweka kitasa hicho, wezi walipokuwa wameingia ghorofa ya pili, alimsimamisha Mkunga palepale na kumpa somo. Mama, mkiwa ndani, acheni ufunguo tunduni. Ukiwa tunduni, hata mimi niliyekiweka sikifungui kutoka nje. Ukiutoa, kwa mtu wa kazi hii mlango huo ni pazia.

Meneja alikuwa ameutoa.

"Fundi," alisema Mkunga, "una vifaa?"

"Sitembei bila vifaa, mama."

"Nifungulie mlango wangu."

Kisha Fundi alisema, taratibu, "Mama, unaujua utaratibu wangu."

Aliujua. Mtaa mzima uliujua. Fundi hakuwahi kugusa kitasa cha mtu mpaka mwenye nyumba atamke kwa kinywa chake, na awepo mtu wa pembeni anayesikia. Alikuwa amewahi kumwacha polisi mzima amesimama kwenye mvua nje ya nyumba yake mwenyewe mpaka mkewe akarudi sokoni na kushuhudia.

Bawaba zikalia upande wa pili wa ngazi. "Mimi nipo," ilisema sauti ya jirani, Mwalimu, aliyefundisha hesabu miaka thelathini na kustaafu na masikio yake mazima. "Niko hapa nyuma ya mlango tangu saa tisa. Msinione mmbea, kuta hizi ni nyembamba. Endelea, Fundi, muda unakwenda."

"Mwenye nyumba ni nani?" Fundi aliuliza.

"Ukigusa kitasa hicho ni uvunjaji!" Meneja alipiga kelele. "Nitakupeleka mahakamani!"

"Mwenye nyumba ni mimi," alisema Mkunga.

"Aliyeufunga mlango ni nani?"

Hilo ndilo swali lililokuwa zito. Mzazi hufunika. Miaka minne Mkunga alikuwa akifunika, akimwambia Mwalimu huyu huyu kwamba Meneja yuko kwenye mipango, kwamba kazi mpya iko njiani. Nje walisubiri, na mshale wa saa haukusubiri.

"Mwanangu," alisema.

"Unaniruhusu nifungue?"

"Nakuruhusu."

"Shahidi amesikia?"

"Amesikia," alisema Mwalimu, "na amesikitika."

Mkwaruzo mdogo ulianza kitasani, chuma kwa chuma. Meneja alishtuka kama mtu aliyeamshwa. Alitoa ufunguo mfukoni, akauelekeza tunduni, akaugonga pembeni, akaugonga tena. Haukuingia. Waya wa Fundi ulikuwa tayari umo, na mafahali wawili hawakai zizi moja. Alisukuma mpaka ufunguo ukamponyoka na kuanguka sakafuni, ukateleza chini ya friji. Basi akageuka, akaegemeza mgongo wote mlangoni, visigino amevikaza kwenye vigae.

Kitasa kililia. Mpini ulishuka. Mlango ulisogea kiasi cha unene wa kidole, ukarudi.

"Mama, kimefunguka," Fundi alisema. "Lakini kuna mzigo."

Saa tisa na dakika arobaini na tisa.

Mkunga alimwendea mwanawe. Macho ya Meneja yalikuwa mekundu, na alikuwa analia bila sauti, vile alivyokuwa akilia tangu utotoni. Mkunga alitaka kumfuta uso. Hakumfuta.

"Nimekusukuma mara moja katika maisha yako," alimwambia, "nikakuleta duniani. Nilikuwa peke yangu na niliweza. Usinifanye nikusukume mara ya pili."

Walitazamana. Sijui Meneja aliona nini katika uso ule, lakini visigino vyake vililegea. Aliteleza kando kwa mgongo, akaufuata ukuta, akaketi sakafuni karibu na viatu vya mama yake.

Mlango ulifunguka. Fundi alikuwa amepiga magoti, nyaya mbili mkononi, bahasha ameing'ata kwa meno. Aliitoa, akaifuta kwa shati, akainyoosha kwa mikono miwili. Mkunga aliipokea kwa mikono miwili.

Hesabu ilifanywa na Mwalimu, akitaja kwa sauti. Kitabu cha risiti cha marehemu kilikuwa kwenye droo ya kabati, chini ya vitambaa, na karatasi yake ya kaboni ilikuwa bado haijachakaa. Mkunga aliandika: nimepokea kodi ya kiwanja, miaka mitatu, yote. Akaandika tarehe. Akaandika na saa, saa tisa na dakika hamsini na sita, Mwalimu akatia saini pembeni.

"Sasa nisikilize," alimwambia Fundi alipokuwa akimpa risiti. "Usidhani nimekusamehe. Ungekuja siku moja tu, ukasimama hapa, ukasema mama sina. Ningeitia saini ile karatasi?"

"Usingetia, mama."

"Tungekuwa hapa leo?"

"Tusingekuwa."

"Na mwenzio huyu angepata mwanya wa kuuza kisicho chake?"

Fundi aliinamisha kichwa. Alimtazama Meneja aliyekaa sakafuni. Mwalimu alirudi kwake na kufunga mlango, safari hii kwa kweli.

Mkunga aliinama kwa shida, mkono mmoja gotini, akaiweka bahasha kwenye mapaja ya mwanawe. Fedha alizozidai miaka mitatu, alizozifuata juani na mwavuli, zilikuwa zimekaa mkononi mwake kwa muda wa kuandika risiti moja.

"Huo ni mwanzo wa deni lako," alisema. "Kesho saa mbili asubuhi nitakuwa nimevaa. Uje unichukue, twende wote."

Meneja aliishika bahasha. Alisimama, akajipangusa suruali, akapita katikati yao bila kusema neno, wala ndiyo, wala sitaki, wala asante. Walisikia viatu vyake vikishuka, ghorofa ya pili, ya kwanza, kisha lango la chini likijibamiza.

Fundi alikuwa ameshatoa bisibisi. Alilishika lile komeo lililokatika, akaligeuza, akatikisa kichwa.

"Hili nitaliweka jipya sasa hivi. Na kitasa? Kipo vile vile, sijakiharibu."

"Kibadilishe," alisema Mkunga.

Fundi hakuuliza sababu. Alianza kufungua skrubu, moja moja, akizipanga kwenye kiganja. "Mashine sina, nitachonga kwa tupa. Itachukua muda. Unataka funguo ngapi?"

Mkunga alikuwa amekwenda dirishani. Chini, Meneja alikuwa amesimama ukingoni mwa barabara, bahasha kwapani, anatazama kulia na kushoto, na hakuvuka wala hakurudi.

"Mbili," alisema. "Mmoja nipe leo. Wa pili hauna haraka."